Na Dalali Akiumwa?

Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, sisi mafundi wa mitandao Garissa tulihesabu kila kilobiti. Chuo kimoja mjini kilitaka mhadhara unaotolewa jengo kuu uonekane pia katika vyumba vya tawi lake la Galbet. Kati ya majengo hayo mawili hapakuwa na waya, ila redio iliyofungwa juu ya paa.

Kumtumia kila mtazamaji nakala yake kungeiua redio ile. Dawa ilikuwa maltikasti: unatuma nakala moja, na ruta zinaizidisha pale tu njia zinapogawanyika. Steve Deering aliandika kiwango chake mwaka 1989, na anwani za 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255 zimetengwa kwa kazi hiyo, kila anwani ikiwa kundi moja.

Tulianza na hali ya kumwaga. Ruta inatupa video kila upande, halafu ruta zisizo na mtazamaji zinaomba zikatiwe. Ombi hilo linadumu dakika tatu, kisha mafuriko yanarudi. Ndani ya jengo lenye nyaya nene hayo si kitu. Galbet, taa ya redio ilikuwa ikipepesa mbio, aliyekuwa kwenye simu ya ofisini anapoteza nusu ya sentensi, halafu kunatulia hadi duru ijayo, hata siku ambazo hakuna aliyefungua mhadhara.

Tukahamia hali ya kuomba: hupati kitu mpaka utake. Tatizo ni kwamba mtazamaji hajui mtumaji yuko wapi. Kwa hiyo ruta moja inateuliwa kuwa kituo cha kukutania, yaani RP. Mtumaji anajiandikisha hapo na maombi ya watazamaji yanaelekezwa hapo. Nilipomweleza abti yangu, mjomba aliyezeekea soko la mifugo la Garissa, alicheka: “Kumbe mmeweka dalali.” Ndivyo hasa. Paketi za kwanza zinapitia kituoni. Ruta ya mtazamaji ikishamjua mtumaji, inashika njia fupi ya kwenda kwake moja kwa moja. Abti akaongeza: “Na dalali akiumwa?”

Swali hilo ndilo lililotushughulisha miaka iliyofuata. Mwanzoni anwani ya kituo tuliiandika kwa mkono katika kila ruta. Kituo kikizimika, ruta zote zinaendelea kumwita asiyekuwepo, nasi tunazunguka na kompyuta na kebo jengo kwa jengo.

Kisha tukatumia Auto-RP ya Cisco. Ruta iliyo tayari kuwa kituo inajitangaza kila dakika kwa anwani ya 224.0.1.39, ruta nyingine inateua na kuwaarifu wote kwa 224.0.1.40. Lakini habari za kituo zenyewe zinasafiri kwa maltikasti, nayo inahitaji kituo! Njia ya kutoka ilikuwa hali mseto: kundi lenye kituo linaombwa, lisilo na kituo linamwagwa. Ilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika jengo kuu na ruta ya kituo ikazimika. Taarifa zake zilipokwisha muda, makundi ya kamera zilizokuwa na betri yakahesabiwa kuwa hayana kituo, na video yote ikamwagwa Galbet.

BSR (Bootstrap Router), njia nyingine ya kuteua kituo, ndiyo iliyotupumzisha. Ni kiwango cha wazi, na matangazo yake yanabebwa na ujumbe wenyewe wa PIM, itifaki inayoendesha hali hizi zote, kutoka ruta hadi ruta jirani, hivyo hakuna haja ya kumwaga chochote. Tuliweka wagombea wawili wa kuwa kituo na kuifuta hali ya kumwaga kwenye kila mlango wa ruta.

Siku hizi mihadhara inapitia YouTube na Zoom, kila mtu na nakala yake, kwa sababu laini zimepanuka. Maltikasti imebaki kwenye kamera za ulinzi na televisheni za hoteli. Nako huko kuna SSM (Source-Specific Multicast), iliyowekewa kiwango mwaka 2006: mtazamaji anamtaja mtumaji anayemtaka, kwa anwani zinazoanza na 232, na kituo hakihitajiki kabisa. Mwaka 2020 IETF, jumuiya inayoweka viwango vya mtandao, ilishauri kwamba kati ya mtandao na mtandao itumike njia hiyo peke yake.

Kijana fundi akiniuliza achague hali gani, namuuliza kwanza: mtazamaji anamjua mtumaji? Akimjua, SSM inatosha. Asipomjua, weka BSR na wagombea wawili, na usiwafunge wote wawili kwenye jenereta moja.