Plagi Inayokataa

Mwezi wa saba, Marangu haina jua la kutegemea. Mjini Moshi watu wanatembea na fulana, lakini kwetu huku migombani ukungu unaweza kulala mpaka mchana, na paneli juu ya bati inaambulia mwanga wa kuokoteza. Siku hizo betri lazima itoke nyumbani. Mama huifungua asubuhi, huitia kwenye kikapu na kuipeleka kwa jirani mwenye umeme wa nguzo, jioni huirudisha. Ni betri ndogo ya volti 12, ampea-saa 7, kilo mbili na ushee. Nusu ya chaji yake inaendesha Raspberry Pi na kioo kidogo kwa kama saa tatu. Hizo ndizo saa za masomo za mdogo wangu, na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba.

Fundi aliyetufungia alitumia klipu za mamba, nyekundu na nyeusi. Gizani rangi hizo ni moja. Jioni moja Mama alizibana kinyume, kifaa cha kupunguza volti kikaungua, nyumba nzima ikanuka plastiki. Nilipopanda Jumamosi akaniambia, "Mwanangu, mimi mavitu yenu sigusi tena." Kifaa kinanunulika. Kilichoniuma ni hiyo "sigusi tena", kutoka kwa mtu aliyezoea kuelekeza maji ya mfongo shambani usiku bila tochi.

Kosa halikuwa lake. Klipu ya mamba hukubali chochote. Nilitaka plagi inayokataa.

Iliyo rahisi kupatikana mjini ni ile jeki ya duara ya kamera za ulinzi. Haigeuziki, ni kweli. Lakini nje zote ni milimita 5.5, ndani kuna za 2.1 na za 2.5, na dukani nilizikuta zimechanganywa kwenye kikopo kimoja. Ya 2.5 huvaa pini ya 2.1 bila ubishi, kisha inacheza, na kompyuta inajizima katikati ya swali. Baya zaidi, umbo hilohilo hubeba volti 5, 9, 12, hata 19 za chaja za laptopu. Inakataa kugeuzwa, haikatai mgeni.

Nikachukua XT60, zile za njano za betri za droni. Upande mmoja una pembe zilizokatwa, kwa hiyo ukiigeuza haiingii. Hubeba ampea nyingi; sisi hatufiki hata mbili. Wakati wa kulehemu, chomeka dume na jike pamoja ili pini zisihame plastiki ikipata moto. Jike nililiweka upande wa betri, kwa sababu pini zake zimejificha; dume lenye umeme ndani ya kikapu chenye funguo na kijiko ni kutafuta moto. Fyuzi ya ampea 3 nikaiweka karibu kabisa na betri.

Tatizo la XT60 ni kwamba inang'ang'ania, na vidole vya Mama vina baridi yabisi. Plagi asiyoweza kuichomoa ina tofauti gani na msumari? Nikakata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikavizungushia pande zote mbili apate pa kushika, nikamwonyesha kuitikisa kushoto na kulia huku akivuta mwili wake, si nyaya.

"Na nikigeuza?"

"Jaribu."

Akafumba macho, akasukuma. Akasukuma tena kwa hasira kidogo.

"Imekataa."

Mkia wa pili wa njano unakaa kwa jirani, kwenye chaja. Sasa naye anataka hizo hizo kwenye taa za banda la ng'ombe. Nimemwambia alete betri niione kwanza. Kama ni ya volti 24, nitamtafutia umbo jingine, lisiloingia kabisa kwenye la Mama.