Binti Anapotaka Benki ya Uwekezaji

Kila yatokapo matokeo ya kidato cha nne, wazazi hutujia kutaka ushauri kuhusu vyuo vikuu. Safari hii ametujia mama ambaye bintiye amepata A ya hesabu na anataka kufanya kazi katika benki ya uwekezaji. Babake amekataa: benki ni riba, na mazungumzo yamekwisha.

Hofu ya baba huyo tunaiheshimu. Katika Hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.) wamelaaniwa mla riba, mlipaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili; si jambo la mzaha. Lakini benki ya uwekezaji si ile tunayopangia foleni. Kazi yake ni kuzitafutia kampuni na serikali mtaji, kwa kuuza hisa na hatifungani, na kuzishauri kampuni zinaponunuana. Hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, kwa shilingi 5 kila moja, kazi ya aina hiyo ndiyo iliyofanyika. Hatifungani ya kawaida ni mkopo wenye riba, na hapo baba ana haki. Hisa ya kampuni yenye biashara halali ni ushirika. Sukuk nayo imeshafika Soko la Hisa la Nairobi tangu 2023. Na Bibi Khadija (r.a.) alipomkabidhi Mtume (s.a.w.) mali yake aifanyie biashara Sham, alikuwa mwenye mtaji aliyemchagua msimamizi mwaminifu.

Basi chuo kipi? Wengi hukimbilia shahada yenye neno “Kiislamu” katika jina lake. Rai yetu ni tofauti: kwanza hesabu, na jina litafuata. Atayeandaa sukuk bila kuweza kuipigia hesabu atakuwa mpambe tu wa waliosoma. Sayansi ya aktuaria inafundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na vilevile Strathmore. Strathmore kina msingi wa Kikatoliki, nasi hatuoni hilo kuwa kizuizi, mradi mzazi aulize mapema kuhusu nafasi ya swala na makazi ya wasichana. Baadaye, akiwa na shahada mkononi, kipo INCEIF mjini Kuala Lumpur, kilichoasisiwa na benki kuu ya Malaysia mwaka 2005 kwa ajili ya elimu hii ya fedha za Kiislamu.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba ajira hizi huanzia katika mafunzo ya kazini wakati wa likizo. London, kwa mfano, benki kubwa huanza kuwatazama wanafunzi tangu mwaka wa kwanza. Kwa hiyo chuo kiulizwe: wanafunzi wenu wa mwaka wa tatu walifanya mafunzo wapi? Kisipokuwa na jibu, uzuri wa majengo yake usiwashughulishe.

Imebaki karo. Mkopo wa HELB hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na asilimia 4 ni riba kama ilivyo 14. Wapo maulamaa wanaoruhusu kwa dharura, lakini sisi tunauliza kwanza kama dharura imefika. Jamaa zetu huchangishana kwa ajili ya harusi ya siku tatu, na ukumbi ukajaa. Mama huyu tumemwomba aitishe kikao kama hicho cha wajomba na mashangazi, na baba akae pale mbele, kabla ya binti kujaza machaguo yake.