Uso wa Mwanafunzi katika Somo la Kiswahili

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Kigali hana budi kupima maneno yake afikapo kwenye somo la viungo vya mwili na sifa za watu. Zoezi lililozoeleka ni kuwasimamisha wanafunzi wawili mbele ya wenzao, kisha darasa liseme nani mrefu na nani mfupi, nani ana pua nyembamba na nani ana pua pana. Kwingineko huo ni mchezo tu. Nchini Rwanda, wataalamu wa kikoloni walipima pua na mafuvu ya watu ili kuwagawa, na tangu miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliandika kabila la mtu katika kitambulisho chake. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja katika kitambulisho hicho lilitosha kumpotezea mtu uhai kwenye kizuizi cha barabarani.

Kwa sababu hiyo sisi tumeliacha zoezi la kutazamana, tukashika la kujitazama. Kila mwanafunzi hupewa kioo kidogo, karatasi na penseli, naye huuchora uso wake mwenyewe, kisha huandika chini yake sentensi kumi zinazomhusu yeye tu. Hapana amwelezaye mwenzake. Wako wenzetu wasemao kwamba kuchora ni kupoteza kipindi. Lakini tazameni ngeli zilizokusanyika usoni: mdomo wangu, jicho langu, macho yangu, kidevu changu, nywele zangu. Tena Kinyarwanda nacho ni lugha ya ngeli, na jicho huitwa *ijisho*, hata mwanafunzi hujiona yu karibu na kwao. Taabu huja ngeli zisipolingana. Pua kwa Kinyarwanda ni *izuru*, wingi wake *amazuru*, na ndiyo maana twasoma "pua langu" katika daftari baada ya daftari.

Rangi nayo ina kazi yake. Penseli ya kahawia huwa moja tu katika boksi, nao wanafunzi huichanganya na nyekundu, manjano na nyeusi mpaka kila mmoja apate yake. Kijana mmoja aliuzungushia uso wake mistari ya *imigongo*, ile sanaa ya mashariki ya Rwanda ifanywayo kwa samadi ya ng'ombe, ambayo kwa desturi huonyesha maumbo wala si nyuso.

Msichana mmoja aliandika kwamba kidevu chake, kama asemavyo mama yake, ni cha bibi aliyeuawa mwaka 1994, na kwamba nyumbani haikubaki hata picha moja ya bibi huyo. Alikichora, akakifuta, akakichora tena. Macho na masikio aliyamaliza upesi. Katika jumba la kumbukumbu la Gisozi, lililofunguliwa mwaka 2004, zimetundikwa picha nyingi za marehemu zilizoletwa na jamaa zao. Ziko familia zisizokuwa na picha ya kupeleka.

Michoro hii hatuitundiki ukutani bila ya kuuliza. Wengi hukubali, tena kwa fahari. Yeye aliomba auchukue wake ampelekee mama yake. Ulikuwa na kosa moja la upatanisho, "pua langu", nasi tulilisahihisha kwa penseli, pembeni kabisa mwa karatasi.