Mfupa uliopotea, je, huota tena?

Swali hili naliulizwa mara nyingi na familia za wahami hapa Goma. Juzi aliyeuliza ni baba mmoja ambaye kijana wake alipigwa risasi mguuni, na kipande cha mfupa kikapotea. Muuza dawa wa kupita alimwambia ana chupa ya « seli za kuotesha mfupa ». Baba alitaka kuuza unga wa msaada ili ainunue.

Seli hizo si hadithi tupu. Mwaka 1967 mtafiti Mholanzi A. L. van Wezel alionyesha kwamba seli zinaweza kukuzwa zikiwa zimeshika punje ndogo sana, zinazoelea katika maji yenye chakula chao. Leo watafiti wanatengeneza punje zinazooza zenyewe mwilini, kwa mfano za jelatini, inayotoka katika ngozi na mifupa ya wanyama. Punje moja haifiki hata nusu milimita. Sisi wakulima wa Kivu tunaelewa upesi: ni kama mche uliooteshwa ndani ya ganda la mgomba. Unaupanda pamoja na ganda lake; ganda linaoza, mzizi unashika udongo. Vivyo hivyo punje inawekwa penye pengo pamoja na seli zake, inayeyuka polepole, na mfupa unachukua nafasi yake.

Lakini kazi hiyo bado iko zaidi katika maabara na katika majaribio ya wanyama. Seli hai hazikai katika chupa juani, ndani ya mfuko wa mchuuzi. Nilimwambia baba: unga wako ule na watoto.

Je, hakuna tumaini basi? Lipo. Madaktari huchukua mfupa kidogo kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kujaza pengo. Tena kuna njia ya daktari Gavriil Ilizarov wa Kurgan, Urusi, ya tangu miaka ya 1950: mfupa unashikwa na vyuma vya duara, unakatwa penye uzima, kisha unavutwa milimita 1 hivi kwa siku, na mfupa mpya unaota nyuma yake. Pengo la sentimita 5 linaomba siku kama 50 za kuvuta, halafu miezi mingi mfupa ukomae. Ni uvumilivu mkubwa kwa mtu anayelala chini ya turubai.

Adui mkubwa ni usaha. Penye usaha, mfupa hauoti vizuri, hata ukiletewa seli za namna gani. Kwa hiyo, jeraha lenye mfupa uliovunjika lifunikwe kitambaa safi, mguu utulizwe kwa vijiti bila kukazwa mno, na mgonjwa afike hospitali siku ileile. Dawa amalize zote. Sigara aache, maana inachelewesha mfupa kuunga. Na anayekuuzia mfupa kwenye chupa, mwulize kwanza: utaniwekea katika hospitali gani, na daktari gani?