Anaringa Tu

Kijana mwenye miwani mikubwa na suruali iliyopandishwa karibu na kifua anabisha hodi nyumba ya jirani. Msichana anafungua, anamwona, anakunja uso. Watazamaji wanaangua kicheko kabla hajasema neno. Hiyo ni Family Matters ya Marekani, na kijana ni Steve Urkel, mhusika aliyekusudiwa atokee mara moja tu mwaka 1989 akabaki mpaka kipindi kilipokwisha 1998. Miaka yote hiyo anamfuata Laura Winslow, na Laura anamkataa kwa kila namna: kwa upole, kwa ukali, kwa kumfungia mlango. Msimu wa tisa, ambao ndio wa mwisho, anakubali kuwa mchumba wake.

Nilikuja kuitazama ukubwani, na kilichonikaa kichwani ni kile kicheko. Vichekesho vya namna ile vina mtu wa tatu asiyeonekana, ameketi gizani, na kazi yake ni kutuhakikishia kwamba hapa hakuna ubaya. Msichana akisema hapana, huyo anacheka. Akirudia, anacheka zaidi. Ile hapana inakuwa chumvi ya mchezo. Bila hiyo kipindi hakina ladha.

Sisi hatukuhitaji kuagiza jambo hili kutoka ng'ambo. Tunalo neno letu: anaringa. Neno hilo linaichukua "sitaki" ya mwanamke na kuifanya madaha, kana kwamba kukataa nako ni hatua ya kukubali. "Komaa naye mwanangu, anaringa tu." Kisha inafuata mstahimilivu hula mbivu, methali ambayo naamini ilitungwa kwa ajili ya maembe.

Mwaka 2009 nilikuwa nauza duka la steshenari hapa Dodoma, chumba kimoja chenye mashine ya kutolea kopi. Akaja mwanamume mmoja na cheti chake cha kuzaliwa. Kopi moja, shilingi 50. Kesho yake akarudi na cheti kilekile. Siku ya tatu akasema ananipenda. Nikamwambia sitaki. Baadaye nikamwambia nina mchumba, ingawa sikuwa naye, kwa sababu wapo wanaume wanaoheshimu cha mwanamume mwenzao kuliko neno la mwanamke mwenyewe. Huyu hata hilo halikumsaidia. Alikuja wiki saba.

Wateja wakamzoea, wakampa jina: Shemeji. Akichelewa waliniuliza, "Vipi dada, Shemeji leo anaumwa?" Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni walimpisha ili asimame mbele yangu, wakibanana mbavu kwa kicheko. Na kwa kweli ilichekesha: mtu mzima, shati limenyooshwa, cheti ndani ya bahasha ya kaki. Ila jioni moja nilimkuta kituoni, mahali ninapopandia daladala za Nkuhungu, na sikuwahi kumwambia naishi upande gani. Pale kituoni hapakuwa na wa kucheka. Kuanzia hapo nikawa nafunga saa kumi na moja badala ya saa moja usiku, jua bado linaonekana. Jioni ndipo wanafunzi walipotoka darasani kuja kutoa kopi za notisi, kwa hiyo mauzo yakashuka, na mwisho wa mwezi tajiri wangu akataka kujua pesa imekwenda wapi.

Miaka hiyohiyo redioni alikuwapo Fataki. Matangazo yale yalivuma kuanzia 2008: mtu mzima mwenye vijisenti anayehangaika kuwanasa wanafunzi wa kike. Yalilipiwa kwa fedha za Wamarekani haohao waliotuletea Urkel. Yalichekesha mno, na jina likahamia mtaani. Lakini sikiliza kicheko kinaangukia wapi. Binti anakaribia kunasa, anatokea mtu wa pembeni, anatia neno, na Fataki anabaki ameduwaa. Kinachochekwa ni kushindwa kwake. Yule mtu wa gizani, hapa amepewa mdomo.

Tatizo ni kwamba Fataki alihusu watoto wa shule, na mimi nilikuwa na miaka 24. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 haikuishia kwa watoto. Inamgusa pia anayembughudhi mtu mzima kijinsia kwa maneno au vitendo. Nilijaribu kuipanga sentensi ya kumwambia askari wa zamu: afande, kuna mtu anakuja kila siku kutoa kopi, na analipa. Kila nilivyoigeuza ilitoka kama kichekesho.

Aliyesema alikuwa mama mmoja aliyeuza karanga barazani kwetu. Siku hiyo wateja walishaanza, "Shemeji huyoo!" Mama hakuinuka. Alitikisa beseni lake, akamtazama yule mwanamume.

"Baba, hicho cheti kimeshazaa watoto wangapi? Mtoto wa watu amesema hataki. Tumesikia wote hapa."

Wakacheka tena, safari hii wakimwangalia yeye. Akaitia bahasha kwapani, akaondoka. Alirudi mara mbili, na mara zote mama alimwahi angali mbali: "Mbukwa, mwenye cheti!" Barabara nzima ikageuka. Baada ya hapo hakuonekana tena.

Mimi niliendelea kufunga saa kumi na moja mpaka mwaka ule ukaisha.