Eksirei ya jino la mtoto (sehemu ya 6)

Mama mwenzangu, kliniki ya meno naulizwa sana: "Kama haina madhara, mbona mpigaji anajificha nyuma ya ukuta?" Ni kwamba mwanao anapigwa picha moja au mbili, yeye anapiga kutwa, mwaka mzima. Mionzi ya picha moja ndogo ya jino ni takriban ile tunayoipata sote kwa siku moja kutoka ardhini na angani.

Ila haipigwi bila sababu. Uliza inatafuta nini. Kama kuna picha ya zamani, njoo nayo. Mtoto atulie, akitikisika inarudiwa. Una mimba? Sema mapema, na mtoto ashikwe na baba au shangazi, sio wewe.

Kuisoma nilianza na hili: kigumu cheupe, kilaini cheusi. Doa jeusi kati ya meno mawili laweza kuwa tundu lisiloonekana kwa macho. Na chini ya meno ya utoto utayaona ya ukubwani yamejipanga, yanasubiri zamu. Usaha wa jino la utoto ukiachwa unaweza kuliharibu lililo chini yake. Kwa hiyo usiseme tu, "si litang'oka lenyewe?" Mlete.