Sanduku la Seto, Kibuyu cha Kona Baridi

Kila tarehe 18 na 28 ya mwezi, uwanja wa hekalu la Osu Kannon hapa Nagoya, Japani, hugeuka gulio la vitu vya kale. Kimono za marehemu, saa zilizokufa, panga zenye kutu, na chini ya meza, ndani ya kreti za plastiki, mabakuli ya kijivu ambayo wapita njia wengi hawayatazami mara mbili. Haya ndiyo yanayonipeleka. Huitwa yamachawan, yalifinyangwa katika vilima vya huku kati ya karne ya 11 na ya 15, na moja lenye ufa unaweza kulipata kwa bei ya mlo wa watu wawili mgahawani. Mengi yamepinda, maana yalipangwa tanurini moja juu ya jingine hadi uzito na moto vikayalemea. Ligeuze bakuli utazame ukingo wa kitako: kuna vitobo vyembamba kama alama za kucha. Hayo ni makapi ya mpunga. Mfinyanzi aliliweka bakuli bichi juu ya makapi ili lisigande, makapi yakaungua, alama zikabaki mpaka leo.

Ndugu zangu wa Kajiado, Kenya, wakiona picha huniuliza kama nimeyaokota jalalani. Hawako mbali na ukweli. Mengi yamefukuliwa kwenye malundo ya taka kando ya matanuri ya zamani, palipotupwa kila kilichoharibika.

Mimi lakini nilianza na mabakuli kwa sababu mfuko haukuruhusu zaidi. Kilichonivuta tangu mwanzo ni majivu. Tanuri la Kijapani la kale ni handaki lililochimbwa kupanda mlima, ufundi uliofika kutoka Korea karne ya 5. Lilikokwa kuni usiku na mchana, siku baada ya siku, na moto ulipokuwa ukipanda kuelekea bombani ulibeba majivu na kuyamwaga mabegani mwa vyombo. Joto likivuka nyuzi 1,200, chokaa na potasi iliyo katika majivu hushika silika ya udongo na kuiyeyusha, na chombo hutoka kimevaa utando wa kioo, wa kijani au wa rangi ya zeituni, mahali pengine umetiririka na kuganda kwenye tone. Hiyo ndiyo glezi ya majivu. Hapo mwanzo ilikuja yenyewe. Kufikia karne ya 8 na ya 9, wafinyanzi wa mlima Sanage, mashariki ya Nagoya, walikuwa wamekwisha kuielewa, wakawa wanakoroga majivu kwenye maji na kuyapaka vyombo kabla ya kuvichoma. Ufundi huo ukaendelezwa katika mji wa Seto. Upande wa pili wa Nagoya, Tokoname walibaki wakifinyanga mitungi mikubwa na kuuachia moto upake wenyewe. Mtungi wa aina hiyo huwa na bega moja tu lililong'aa, lile lililotazama moto, na bega hilo ndilo mkusanyaji huligeuzia wageni. Uwanja wa ndege wa Nagoya, uliofunguliwa 2005, umejengwa baharini mbele ya mji huohuo wa Tokoname. Mgeni wangu kutoka Nairobi hutua kwa wafinyanzi bila habari.

Sasa njoo nyumbani. Ukambani, Murang'a, Nyanza, kina mama wafinyanzi huchoma vyungu vyao mahali pa wazi, kwa nyasi, matawi makavu na mavi ya ng'ombe, na kazi huisha kwa saa chache. Joto kwa kawaida halifiki nyuzi 900. Kwa joto hilo majivu hubaki majivu, unayapangusa kwa kitambaa. Nimewahi kusikia Mkenya mwenzangu huku akisema kwamba ndiyo maana wenzetu walitupita. Sikubaliani naye hata chembe. Mtungi usiozibwa na kioo hutoka jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji ya kunywa bila umeme. Chungu cha udongo wenye chembe kubwa, kilichochomwa kwa joto dogo, hutanuka na kusinyaa juu ya mafiga kila siku na hakipasuki. Chukua mtungi wa Seto uuweke juu ya mafiga matatu, uchemshe maharagwe, halafu uniambie umebaki na vigae vingapi.

Tena dawa ya kuyeyushia tunayo. Ukisimama Kona Baridi, pale upepo unapokuvua kofia na Bonde la Ufa linapofunguka ghafla chini yako, barabara iliyo mbele yako inateremka hadi ziwa Magadi. Kampuni ya magadi ilianzishwa huko mwaka 1911, leo iko mikononi mwa Tata, na kwa zaidi ya miaka 100 treni imekuwa ikibeba mzigo huo kupitia mji wa Kajiado hadi Konza. Magadi hufanya kazi ileile ya majivu ya kuni: huushawishi mchanga uyeyuke mapema kuliko ungependa. Kule Kitengela Anselm Croze anapuliza vioo vilivyotokana na madirisha mabovu, mahali alipoanzisha karakana mama yake, Nani Croze. Kaunti yetu haikukosa kioo wala dawa yake. Kwa chombo cha udongo ilikosa sababu tu. Wamaasai hawakuwa wafinyanzi; chungu walikipata kwa majirani, na maziwa wakayaweka kwenye kibuyu. Anayehama na ng'ombe hampakii punda mtungi wa udongo.

Kibuyu nacho kina majivu yake. Jirani yetu Kona Baridi, bibi ambaye sote tunamwita koko, hukisafisha kila kinapomaliza maziwa. Huchukua kijiti cha oloirien, yaani mzeituni mwitu, kilichoshika moto, akakitumbukiza ndani, akazungusha, akasugua ukuta wa ndani kwa ncha ya kaa hadi moshi utoke mdomoni mwa kibuyu kama kinavuta sigara. Kisha hukipindua, hukigonga mara mbili kwa kiganja, masizi na vipande vya makaa vikaanguka, akapitisha brashi ndefu, akanusa. Asiporidhika hurudia. Anachotafuta ni harufu. Moshi huo huyafanya maziwa yakae bila kuharibika na yawe na utamu ambao huku Nagoya nimeutafuta kwenye kila aina ya mtindi nikaukosa. Wakalenjin nao wana mursik yao, maziwa yaliyotiwa masizi ya mmea wa senetwet. Seto majivu hukaa juu ya chombo kwa miaka 1,000. Kwetu hukaa ndani hadi asubuhi, halafu yananywewa.

Tofauti hiyo huniambia mengi kuhusu kukusanya. Chombo kilichomaliza kazi yake tanurini unaweza kukifungia. Kibuyu kisipotiwa moshi hukauka, hupata ufa, na wadudu wanakitoboa. Nimekiona kimoja kwenye rafu ya Mkenya mmoja huku, kimepakwa vanishi ili kimetamete, kinanuka duka la rangi.

Mjapani hukifungia chombo chake kweli. Sanduku la mti wa kiri, jepesi, lisilo na msumari, limefungwa kwa utepe. Na juu ya kifuniko, kwa wino, jina la chombo, jina la mfinyanzi na muhuri wake. Mmiliki wa baadaye akitaka huongeza sanduku la pili nje ya la kwanza, na maandishi yake. Chombo kilekile bila sanduku hushuka bei vibaya, na masanduku matupu nayo yana wateja, jambo ambalo lingepaswa kumtia mtu wasiwasi. Hamada Shoji, mfinyanzi mkubwa wa Mashiko, aliacha kabisa kutia sahihi vyungu vyake. Sahihi alitia kwenye sanduku. Rafiki yake Yanagi Soetsu, aliyefungua jumba la sanaa za watu Tokyo mwaka 1936, alitumia maisha yake akimsifu fundi asiye na jina. Wafinyanzi waliomzunguka wakaishia kuwa na majina makubwa kuliko wote nchini.

Na jina lililoandikwa pia hudanganya. Mwaka 1959 serikali ya Japani iliitangaza chupa moja ya Seto, iliyochongwa tarehe inayolingana na 1294, kuwa mali muhimu ya utamaduni. Mwaka uliofuata mfinyanzi Kato Tokuro akasema chupa hiyo aliifinyanga yeye. Mwaka 1961 tangazo likafutwa. Koyama Fujio, mtaalamu aliyeipigia debe, ambaye ndiye pia aliyewapa Wajapani ile orodha ya matanuri sita ya kale (Seto, Tokoname, Echizen, Shigaraki, Tamba na Bizen), akaacha kazi yake serikalini. Kato naye, ungedhani ameangamia. Soko likamtafuta zaidi kuliko zamani. Aliyeweza kuwahadaa mabingwa wote, walisema, basi ni bingwa wao.

Hata hivyo, nipe udanganyifu wa namna hiyo kuliko kimya chetu. Udanganyifu ulifichuliwa kwa sababu kulikuwa na kitu kilichoandikwa cha kubishania. Tazama vibao katika makumbusho ya dunia nzima: Kibuyu, Kimaasai. Chungu, Kikamba. Kabila zima limefinyanga chungu kimoja. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alitumia mali na miaka yake kukusanya kazi za Waafrika. Mkusanyiko wake uko kwenye Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, na namheshimu kwa hilo. Lakini hata yeye angemwuliza nani jina la mama aliyefinyanga mtungi ulionunuliwa kwa mchuuzi aliyenunua kwa mchuuzi mwingine?

Jina moja la Kikenya limevuka. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971. Mwaka 1974 alisafiri hadi Abuja, Nigeria, kwenye karakana ya ufinyanzi iliyoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Hapo ndipo Japani inapoingia tena: Cardew alikuwa mwanafunzi wa Bernard Leach, na Leach ndiye aliyejenga karakana ya St Ives mwaka 1920 pamoja na Hamada yuleyule wa Mashiko. Tanuri la joto kali na glezi vikafika Afrika Magharibi kwa njia hiyo ya mzunguko. Ladi Kwali, mfinyanzi wa Abuja, leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20, na sijui nchi ya Afrika Mashariki itakayomfanyia mfinyanzi wake hivyo katika maisha yangu. Odundo aliiona glezi, akaielewa, akaiacha. Vyombo vyake hupandishwa kwa mkono, husuguliwa hadi ving'ae, huchomwa vikawa vyekundu, kisha vikitakiwa vyeusi huchomwa tena katika moshi. Makumbusho makubwa yanavigombea, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Ni ufinyanzi ambao bibi yeyote wa Nyanza angeutambua kwa kuugusa. Ila bibi huyo hakuulizwa jina.

Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho niliamua kuuliza. Pale Kona Baridi penye mandhari, kina mama huuza shanga na vibuyu kwa wanaokwenda kula nyama Olepolos. Nilichagua kimoja chenye ufa uliowahi kushonwa kwa uzi, mshono mzuri sana, mwembamba. (Habari ya Wajapani kujaza nyufa kwa dhahabu nawaachieni, mtandao umeshaimaliza.) Nikamwuliza mwenye kuuza: kimetengenezwa na nani? Akanijibu, na mimi. Jina lako nani, yeyo, yaani mama? Akanipa jina la mama fulani, yaani jina la mwanawe wa kwanza. Nikasisitiza, lako wewe. Akacheka, akawatazama wenzake, wakacheka pia, na nikahisi nimeuliza jambo la chumbani. Mwishowe akalisema. Halafu, kwa kuwa sasa nilikuwa na kalamu mkononi, akanisahihisha: kibuyu chenyewe kililimwa Loitokitok na mama Mkamba, naye jina lake liandikwe, ufa alishona marehemu mama mkwe wake, shanga ni za bintiye, na bintiye anasoma, kwa hiyo nisikosee herufi.

Kadi ikajaa pande zote mbili. Fundi seremala wa Kiserian akanitengenezea sanduku la msaipresi, kwa sababu kiri hakuna, na mfuniko ukakaa sawasawa. Nilipolichukua nilikuta ameandika kwa kalamu ya rangi, katikati kabisa ya mfuniko ambapo Mjapani angeweka jina la chombo, jina lake, nambari ya simu, na kwamba anatengeneza pia makabati na vitanda. Nikalipa, nikalibeba hivyohivyo.